Nilivyoandika mwongozo wa kusimamisha mchakato kwa dibaga

Mwongozo huu niliuandaa kwa mafundi wa Mbeya wanaotunza programu ya kusoma mizani ya kahawa huko Mbozi. Msimu wa mavuno programu ile haizimwi, hivyo ikikwama inabidi uishike ikiwa hai kwa dibaga, yaani programu ya kukagua programu nyingine ikiwa kazini. Kila hatua niliijaribu kwenye Linux kabla ya kuiandika.

Kilichonichukua muda ni hiki: kuuomba mchakato (programu inayokimbia) usimame na mchakato kusimama ni vitu viwili. Dibaga ikiita PTRACE_ATTACH, mwito wa kuushika mchakato, kerneli (kiini cha Linux) hutuma SIGSTOP, ishara ya kusimamisha, namba 19 kwenye vichakataji vya x86, na mwito unarudi hapo hapo. Mchakato huenda bado unakimbia. Ukisoma rejista (hifadhi ndogo za kichakataji) wakati huo utapewa kosa la ESRCH, yaani "hakuna mchakato kama huo", uanze kukagua namba ya mchakato bure. Ita kwanza waitpid, mwito wa kusubiri hali ya mchakato ibadilike. Likija jibu 0x137f, mchakato umesimama: 7f ni alama ya kusimama, 13 ni ile 19 kwa heksadesimali. Fungua pia faili /proc/PID/status (PID ni namba ya mchakato): State iwe t ndogo (T kubwa ni kusimama kwa kawaida), na TracerPid iwe namba ya dibaga yako.

Ishara nyingine inaweza kuitangulia SIGSTOP. Irudishe kwa PTRACE_CONT, mwito wa kuuendeleza mchakato, ukiitaja kwenye hoja ya mwisho, kisha subiri tena. Ukiweka sifuri umeimeza, programu haitaiona. Na ATTACH hushika uzi mmoja tu, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya mchakato. Nyuzi zingine zitafute kwenye /proc/PID/task, uzishike mojamoja.

Tangu Linux 3.4 kuna PTRACE_SEIZE, inayoshika bila kusimamisha. Ukitaka kusimamisha unaita PTRACE_INTERRUPT, na jibu huwa 0x80057f. Mimi naipendelea, maana haichanganyiki na SIGSTOP iliyotumwa na mtu mwingine.

Ukikataliwa kwa EPERM (kosa la kukosa ruhusa) kwenye Ubuntu, soma mpangilio wa ulinzi ulio /proc/sys/kernel/yama/ptrace_scope. Ikiwa 1, kwa kawaida unaruhusiwa kushika michakato iliyozaliwa na dibaga tu, hivyo tumia sudo (haki za msimamizi).

Onyo nililoliandika kwa wino mwekundu: ATTACH inaweza kuukatiza mwito uliokuwa unasubiri, kama epoll_wait (unaosubiri data ifike), ukarudi na EINTR, kosa la "mwito umekatizwa". Programu inayohesabu kila kosa kuwa la kufisha itajizima, na lawama ataangushiwa fundi. Kwenye msimbo wa mizani, EINTR iwe sababu ya kuita epoll_wait upya.