Merikebu Iliyolala Chini ya Ukuta wa Fort Jesus

Treni ilitushusha Miritini, Mombasa, usiku. Asubuhi yake nikala mahamri kwa mbaazi Mji wa Kale, nikashika njia ya Ndia Kuu hadi Fort Jesus. Wageni wengi huja kutazama ngome yenyewe, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Mimi nilifuata merikebu.

Jina lake Santo António de Tanná, merikebu ya vita ya Wareno. Ilijengwa Bassein, mji ambao leo unaitwa Vasai, kaskazini ya Mumbai, ikashushwa majini mwaka 1681. Mbao zake ni msaji, mti ule ule uliojenga majahazi mengi ya Bahari ya Hindi. Ndani ya makumbusho nilikaa sana mbele ya vitu vilivyotolewa humo: mitungi mikubwa ya udongo, kaure za China, mzinga. Mitungi ndiyo iliyonishika. Mzinga ni wa vita, lakini mtungi kuna mtu aliutegemea kwa riziki yake, siku baada ya siku, katikati ya bahari.

Mwezi Machi 1696, majeshi ya Imamu Saif bin Sultan wa Oman yaliizingira ngome. Merikebu hii ilikuja Desemba mwaka huo, pamoja na msafara wa msaada kutoka Goa, makao ya Wareno huko India, kisha ikaondoka. Waliobaki ndani waliuawa na maradhi zaidi kuliko risasi. Kufikia mwisho wa Agosti 1697 Wareno walikuwa wamekwisha. Basi ngome ilisimama kwa nani? Kwa Bwana Daud bin Shekhe wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, na watu wake, Waswahili wanaume kwa wanawake, walioilinda kwa wiki kadhaa hadi merikebu iliporudi Septemba kutoka Msumbiji. Unaweza kuwalaumu kwa upande walioushika. Siasa za Faza, Pate na Mombasa zilikuwa na visasi vyake. Lakini kuisimulia merikebu hii bila kumtaja Bwana Daud ni kuisimulia nusu. Bila yeye, isingekuta ngome ya kuiokoa.

Mwezi uliofuata merikebu ilitoka pale ilipofungwa, ikapanda mwamba, ikapoteza usukani, na hatimaye ikazama Oktoba, karibu mno na ukuta iliokuja kuusaidia.

Nilishuka ufukweni kupatazama mahali penyewe. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu alinionyesha kwa kidole.

"Hapo, mwanangu. Usidanganyike na huo utulivu. Kukiwa bamvua maji hapo yavuta vibaya, na chini huoni hata mkono wako."

Nikawafikiria wapiga mbizi waliofanya kazi humo kuanzia 1977 hadi 1980, wataalamu wa Makumbusho ya Kenya na wenzao waliokuja na mwanaakiolojia wa chini ya maji Robin Piercy, wakifukua mchanga na kupima mbao. Walipomaliza waliuacha mwili wa merikebu palepale, wakaufunika tena kwa mchanga. Naona walifanya vyema. Mbao zilizokaa majini karne tatu zikiachwa zikauke hivi hivi hupasuka na kujikunja, na kuzihifadhi nje ni kazi ya miaka mingi na fedha nyingi.

Ngome nayo ilishikilia miezi kumi na minne zaidi. Desemba 1698 Waomani wakapanda kuta, wakakuta watetezi wachache mno waliobaki hai.