Kilomita 14 na tope la kupandia sukuma

Jumamosi niliingia msitu wa Karura, Nairobi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ikiuma masikio. Mpango: kukimbia kilomita 14, polepole. Polepole yangu ni dakika saba kwa kilomita. Marehemu Kelvin Kiptum, mwanariadha wetu, alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni kule Chicago mwaka 2023, kwa saa mbili na sekunde 35, kila kilomita ilimchukua chini ya dakika tatu. Basi tusilinganishe.

Mvua ya usiku ilikuwa imegeuza ule udongo mwekundu kuwa gundi. Kabla sijafika maporomoko, kila kiatu kilikuwa kimebeba tope la kutosha kupandia sukuma wiki. Kwenye mlima wa kilomita ya tisa nilitembea. Ndiyo, nilitembea, na kima mmoja akanikodolea macho kutoka mtini kama mwalimu wa zamu.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe, amewasili kutoka Machakos mapema kuliko tulivyopatana. Akaitazama miguu yangu.

“Umetoka shamba gani, mwanangu?”

Viatu bado viko kwenye roshani, nimevijaza magazeti. Leo ofisini, kwa maumivu ya mapaja, nimeshuka ngazi kinyumenyume.