Kamera iliishia kwa basi

Juzi usiku nilikosa usingizi nikaangalia Let There Be Light kwa simu, ile dokumentari John Huston alitengeneza 1946 ndani ya hospitali ya jeshi huko Long Island, New York. Ni wanajeshi wa Marekani waliotoka Vita vya Pili bila kidonda cha kuonekana, lakini mmoja miguu imekataa kutembea na mifupa ni mizima, mwingine maneno yanamkwama kooni. Jeshi lenyewe ndilo liliagiza hiyo filamu na jeshi hilohilo likaifungia hadi mwisho wa 1980, mwaka uleule madaktari wa akili wa Marekani waliingiza PTSD, yaani ugonjwa wa akili unaobaki baada ya mtu kupitia mambo ya kutisha, rasmi kwa orodha yao ya magonjwa.

Kuna kijana mmoja mweusi anamwambia daktari vile alitumiwa picha ya mchumba wake, sauti inakatika, analia, na kamera haimwachi. Hapo niliamini kila kitu. Lakini yule wa miguu anadungwa sindano, muda si muda anatembea, mimi naamini alitembea hiyo siku, ya kesho sijui. Mwishowe wanacheza besiboli, wanapanda basi, wanapunga mikono, imeisha.

Sasa kwetu stori ilianza basi ilipofika. Anko wangu alikuwa kati ya wale walipelekwa Somalia baada ya jeshi letu la Kenya kuingia Oktoba 2011, akarudi Kayole na viungo vyote, tukachinja mbuzi, tukashukuru Mungu. Anti ndio alianza kutufunza mambo mapya ya hiyo nyumba: Anko akilala usimguse bega, simama mlangoni umwite polepole mpaka afungue macho, na sufuria usizipange moja juu ya ingine kwa sababu usiku zikianguka hakuna mtu atalala tena. Anti amesimama kwa huo mlango miaka, na sijaona dokumentari imesimama hapo na yeye. Natamani sana mtu wetu wa filamu aje, akubaliwe kwanza, akae, asituwekee milio ya mabomu wala muziki wa huzuni.

Jumapili nilimwonyesha Anko. Hiyo ya sindano aliipitisha tu. Kufika kwa yule wa picha akasema, "Rudisha nyuma kidogo."

Tulirudisha mara 3.