Fundi wa Kibaigwa hakuwamo kwenye sampuli

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi ya udadisi, yaani ya kuwasomea watu dodoso, katika utafiti uliotaka kujua ni kampuni ngapi nchini zinafanya ubunifu. Orodha niliyopewa ilinipeleka Kibaigwa, mji wa soko la mahindi ulio kando ya barabara ya Dodoma na Morogoro, kwenye kiwanda kilichoandikwa kuwa na wafanyakazi kumi na wanne, nami nikakuta geti limefungwa kwa kufuli lenye kutu na majani yamefika magotini. Jirani yake palikuwa na karakana ya mabati, na chini ya mwembe fundi mmoja wa makamo alikuwa amelala chali chini ya mashine ya kupukuchulia mahindi, akikaza nati. Kwa kuwa siku yangu ilikuwa imekwisha kuharibika, nilimwamkia, nikamwomba nimsomee maswali yangu japo hakuwamo kwenye orodha.

Swali la kwanza la maana lilikuwa kama, katika miaka mitatu iliyopita, karakana yake imefanya ubunifu wowote wa bidhaa au wa mchakato wa biashara. Alifikiri kidogo, akanijibu kwa upole, "Hapana, mwanangu. Sisi hapa tunachomelea tu."

Nilipofunga kishikwambi, nikauliza kwa udadisi wangu mwenyewe kwa nini puli ya upande wa ngoma ilikuwa kubwa kuliko nilivyozoea kuona. Hapo akakaa kitako. Mahindi ya wateja wake yalikuwa yanavunjika, na wanunuzi walikuwa wanakata bei kwa sababu ya chenga. Akabadilisha puli ili ngoma izunguke polepole zaidi, akatoboa upya chekeche, kisha akaifunga mashine nzima kwenye tela la pikipiki ya matairi matatu ili iwafuate wakulima shambani badala ya wao kusafirisha mahindi yakiwa bado kwenye magunzi mpaka mjini. Mafundi wawili wa mjini walikuwa wamekwisha kumwiga. Kwa kipimo chochote kile, hayo ni mabadiliko ya bidhaa na ya huduma kwa pamoja, tena yaliyokwisha kuingia sokoni. Katika takwimu za nchi, jibu lake lingekuwa sifuri, kama angehesabiwa.

Kosa la kwanza lilikuwa la neno. Katika Kiswahili cha kila siku, mbunifu ni mshonaji wa mitindo au mchora ramani za majengo, na hata bodi ya serikali inayosajili wasanifu hawa inawaita Wabunifu Majengo. Ukikimbilia "uvumbuzi", msikilizaji anawaza mtu wa kwanza duniani kutengeneza kitu. Ukisema "ugunduzi", anawaza dhahabu au dawa. Wataalamu wa takwimu walikwisha kukubaliana kwamba kitu kinachohesabiwa hakihitaji kuwa kipya duniani, kwa kuwa inatosha kitofautiane kwa kiasi kikubwa na alichokuwa akikifanya mhusika mwenyewe hapo awali, na kiwe kimefikishwa kwa watumiaji au kimeanza kutumika. Maana hiyo haimo ndani ya neno tunalomsomea fundi, na mdadisi anayelipwa kwa idadi ya madodoso hana muda wa kuifafanua.

Kosa la pili ni la sampuli, nalo lina historia. Nchi nyingi zinafuata Mwongozo wa Oslo, mwongozo wa kimataifa wa kupima ubunifu, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1992 chini ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linaloundwa zaidi na nchi tajiri, na ambao toleo lake la nne ni la 2018. Ili matokeo ya nchi moja yalinganishwe na ya nyingine, mwongozo huo unapendekeza kupima kampuni zenye watu 10 au zaidi. Kwa Ulaya, ambako ndiko zoezi lilikoanzia, hilo linaeleweka. Kwetu, Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya 2003 inahesabu biashara ya mtu mmoja hadi wanne kuwa ndogo sana, na yeyote aliyewahi kutembea mtaa wa Gerezani jijini Dar es Salaam au kwenye mitaa ya mafundi ya mji wowote anajua kwamba huko ndiko vyuma vinakokatwa na kuungwa upya kila siku. Fundi wangu alikuwa na vijana watatu. Wataalamu wa Amerika ya Kusini waliliona tatizo la namna hii mapema, wakaandika Mwongozo wa Bogotá mwaka 2001 uliosisitiza kupima juhudi za kujifunza na kurekebisha teknolojia zilizotoka kwingine, na hoja zao zikapata nafasi katika toleo la tatu la Oslo la 2005. Sijaona sababu ya Afrika Mashariki kushindwa kufanya vivyo hivyo.

Badala yake tumeng'ang'ania namba mbili. Ya kwanza ni ile asilimia 1 ya Pato la Taifa itumike kwenye utafiti na maendeleo, ambayo wakuu wa nchi za Afrika waliisisitiza tena Addis Ababa Januari 2007. Sina ugomvi na lengo lenyewe. Lakini namba hii ni sehemu ya kihesabu, na sehemu ina chini na juu: juu ni matumizi ya utafiti, chini ni Pato la Taifa. Septemba 2014 Kenya ilibadilisha mwaka wa kizio, yaani mwaka unaotumika kama msingi wa kukokotoa pato, Pato la Taifa likaonekana kubwa zaidi kwa takriban robo nzima. Maana yake ni kwamba uwiano wowote wa utafiti uliopigwa kwa pato la zamani ulishuka kwa sehemu moja ya tano bila maabara hata moja kufungwa, na waziri anayesoma uwiano huo peke yake angeweza kudhani kuna jambo baya limetokea vyuoni.

Namba ya pili ni nafasi ya nchi katika Fahirisi ya Ubunifu Duniani inayotolewa na WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, ambayo inachanganya takriban viashiria themanini, kuanzia hataza (hati za kulinda uvumbuzi) hadi vyeti vya ubora vya ISO, na kwa miaka kadhaa hata idadi ya marekebisho ambayo wananchi wanayafanya kwenye Wikipedia. Uswisi imeshika nafasi ya kwanza tangu 2011, na magazeti yetu kila mwaka huandika tumepanda au tumeshuka ngazi ngapi. Watunzi wa fahirisi wenyewe wanaonya kwamba nafasi za mwaka huu na za mwaka jana hazilinganishwi moja kwa moja, kwa sababu viashiria, data na nchi zinazoshiriki hubadilika. Onyo hilo halifiki kwenye kichwa cha habari. (Na viashiria vyenyewe havioni kila kitu. Chukueni M-Pesa: ilianza Kenya Machi 2007, ikabadilisha namna tunavyotumiana fedha, lakini mfumo wake ulibuniwa ndani ya Vodafone ya Uingereza. Ukihesabu kwa hataza, Mkenya aliyeifikisha mpaka kijijini haonekani.)

Kama ningeulizwa na wanaoandaa dodoso lijalo, ningeliacha neno ubunifu mpaka ukurasa wa mwisho. Ningeanza hivi: "Kuna kitu gani unachokitengeneza au unachokifanya leo ambacho miaka mitatu iliyopita hukukifanya, au ulikifanya kwa namna nyingine?" Kisha ningemwomba achague badiliko moja lililomsaidia zaidi, aeleze wazo alilitoa wapi, lilimgharimu kiasi gani, na nani amemwiga. Kuainisha ni kazi ya ofisini. Kuhusu orodha ya kuchukulia sampuli, leseni za biashara zipo halmashauri, na tangu Desemba 2018 wajasiriamali wadogo wamekuwa wakipewa vitambulisho. Orodha hizo zina mapengo, ila sidhani kama zinaizidi kwa uchakavu ile iliyonipeleka kwenye geti lenye kufuli.