Kilomita 38 za Angani

Kirkenes na Vadsø, kule kaskazini-mashariki kabisa mwa Norwei, ni miji inayotazamana kutoka ng'ambo mbili za ghuba ya Varanger. Baina ya viwanja vyao vya ndege pana takriban kilomita 38 kwa mstari ulionyooka, yapata nusu ya masafa ya Dar es Salaam na Unguja, na kwa hesabu hiyo niliwaahidi wenyeji wangu wa Vadsø bila kusita kwamba ningekula nao chakula cha jioni.

Tulipaa saa kumi jioni, mwezi wa Februari, jua likiwa limekwisha kuzama, katika ndege ya pangaboi yenye viti 39. Sikuwahi hata kufungua kitabu changu kabla ya magurudumu kushushwa. Niliziona taa za Vadsø, nikaiona njia fupi ya kutua, kisha theluji ikafunika kila kitu, injini zikanguruma na pua ya ndege ikainuka ghafla hata tumbo langu likabaki chini. Rubani alijaribu tena, na safari hii sikuona hata taa moja. Mama aliyeketi kando yangu alikuwa akifuma soksi, na hakukosea hata tundu moja. "Leo ni basi," alisema, kama mtu anayetaja siku ya juma.

Tulirudishwa Kirkenes, tukapewa kuponi ya kahawa na mkate. Nauli niliyolipia dakika kumi na tano za angani, ambayo bado inaniuma, ikageuka kuwa ya basi, kwa kuwa barabara hailivuki ghuba bali hulizunguka: huenda magharibi kupitia Neiden hadi Varangerbotn, kisha hurudi mashariki kwa ukingo wa pili, zaidi ya kilomita 170 kwa jumla. Mara mbili tulisimama kuwasubiri kulungu wa kaskazini waliokuwa wamejikalia barabarani kama ng'ombe wa kwetu.

Mimi ni mtoto wa Sengerema. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025, tulikuwa tukiiona ng'ambo ya pili huku tumekwama kwenye foleni ya kivuko, wakati mwingine tukiwa na mgonjwa garini. Kwa hiyo nilimuuliza yule mama kwa nini hakuna chombo cha kuvusha watu hapa. Alicheka. Meli ya pwani ipo, alisema, lakini hutia nanga Vadsø inapokwenda Kirkenes tu. Ikirudi huupita mji bila kusimama. Yaani maji yanavukika, ila si kwa upande wangu.

Nilifika karibu na saa nne usiku, samaki wamekwisha kupoa.

Asubuhi hali ya hewa ilikuwa shwari kama ya dhihaka. Nilipelekwa kwenye kisiwa kidogo cha Vadsøya kuutazama mlingoti wa chuma ambako puto kubwa lenye injini, liitwalo Norge, lilifungwa mwezi Mei 1926, kabla ya kwenda visiwa vya Svalbard na kuivuka Ncha ya Kaskazini hadi Alaska pamoja na Amundsen, mvumbuzi wa Norwei, na Nobile, Mwitaliano aliyelibuni. Puto hilo lilipita hapa likafika bara jingine, nami nilishindwa na ghuba.

Nilirejea Kirkenes kwa ile meli, kwa muda usiotimia saa mbili. Nauli ya ndege ya kurudi sijarudishiwa hadi leo.