Swali la Kongowea

Kabla ya Machi 2017, watu niliozungumza nao kazini walikuwa wa mabenki na mifuko ya pensheni. Nilifuatilia minada ya hatifungani za serikali, yaani hati ambazo serikali huuza ili kukopa, kisha huzilipia riba: nani ameomba kiasi gani, anataka riba gani, tukubali au tukatae. Kiwango cha chini kilikuwa shilingi 50,000, kwa hiyo muuza nyanya hakuwa na lake pale. Ndipo ikaja M-Akiba, hatifungani ya serikali ya Kenya kwa mwananchi wa kawaida: 3,000 tu, unanunua kwa simu, riba asilimia 10 kwa mwaka bila kukatwa kodi, miaka mitatu.

Nilishuka Mombasa kuieleza kwa akina mama wa chama kimoja cha michango sokoni Kongowea. Tuliketi juu ya magunia ya vitunguu, nyuma ya vibanda. Wawili waliposikia riba waliaga kwa heshima, dini haiwaruhusu. Nchi nzima hapakuwa na hatifungani ya serikali isiyo na riba, na hilo linaniuma mpaka leo, maana Pwani ina watu wengi wa kuinunua.

Mweka hazina wao alifungua daftari la michango akapiga hesabu kwa kalamu: 3,000, kila miezi sita 150.

"Mwanangu, hiyo mia na hamsini serikali inaitoa wapi?"

"Kwenye kodi, mama."

"Kodi ya nani?"

"Yako pia. Ukinunua sabuni ya shilingi 116, kumi na sita ni za serikali."

Akanitazama. "Kumbe siku zote nawalipa riba wenye pesa zao!"

Alikuwa amesema kweli tupu. Pensheni angalau ni za wafanyakazi, lakini sehemu kubwa ya riba ile huishia kwenye mabenki, na anayeilipa ni kila mnunuzi wa sabuni. Katika mikutano yetu yote sikuwahi kulisikia likisemwa waziwazi namna ile.

"Basi na tununue," akawaambia wenzake. "Iturudie hata kidogo." Wakatoa vitambulisho na simu, tukaanza kuwasajili mmoja mmoja.

Hatifungani za majaribio za M-Akiba, za shilingi milioni 150, ziliisha chini ya wiki mbili. Juni ilipotafutwa bilioni moja, ilipatikana karibu robo. Wenzangu wakauliza kama wananchi wana pesa kweli. Niliwasimulia habari za daftari lile, kisha nikaomba nirudi masokoni.