Tendegu la bibi

Mvua za El Nino za mwisho wa 1997 watu wengi wanazikumbuka kwa madaraja na barabara zilizokwenda na maji, sisi kwa bibi pale Ngamiani, Tanga, ziliondoka na tendegu, mguu mmoja wa kitanda. Nyumba ilikuwa ya udongo, maji yakaingia chumbani yakakaa, na kitanda kikabaki humohumo ndani ya maji maana bibi alikataa katakata kitolewe nje kinyeshewe. Yalipokauka tendegu moja la miguuni lilikuwa limeoza kwa chini, ukilibonyeza kidole kinazama. Siku moja anakaa tu avae viatu, puu, kitanda kikalala upande.

Sasa kitanda chenyewe si hivi vya kununua dukani. Kilikuwa kile cha zamani cha kukereza, mbao inachongwa huku inazunguka, kimewambwa kamba, mifumbati ya ubavuni na vitakizo vya kichwani na miguuni vya mbao nzito, matendegu manne yana vifundo vifundo na kila kifundo na rangi yake, nyekundu, njano, nyeusi, halafu kati ya rangi na rangi kuna pete nyembamba nyeusi ambayo haijapakwa, imeunguzwa ndani ya mti wenyewe. Bibi aliletewa kwa jahazi kutoka pande za Lamu alipoolewa, akisema ni kazi ya watu wa Siyu, na Siyu ile ya kisiwa cha Pate mafundi wake wa mbao na ngozi walikuwa na sifa pwani yote kwahiyo hakuna aliyewahi kumbishia.

Mjomba ndo alikuwa fundi wa ukoo. Karakana yake uani kwake, keezo lake, mashine ya kukerezea, linazungushwa na mota aliyoitoa kwenye pampu mbovu ya maji, kazi zake nyingi zilikuwa nguzo za ngazi na miguu ya meza. Bibi akamwita akamwambia, baba, nataka tendegu langu na Idi nililalie. Ramadhani ilikuwa imeanza, mwaka ule iliingia karibu sawasawa na mwaka mpya wa 1998, kwahiyo Idi ilikuwa mwisho wa Januari. Mjomba akasema mama nitakerezea tu nipake rangi nyekundu ya mafuta itakaa vizuri. We! Bibi alimwangalia mpaka mjomba akavaa kofia yake akaondoka. Kesho yake alirudi kuchukua lile tendegu bovu likapimwe.

Mimi na mtoto wake tukapewa kazi ya kumsaidia, shule bado hazijafunguliwa. Mbao alichagua fenesi, kipande kilichotoka Muheza ambacho kilikuwa kimekauka miaka juu ya dari ya karakana. Nilimuuliza kwanini sio mpingo maana kichwani mwangu mpingo ndo mti wa mafundi, akanijibu mpingo mweusi utaunguza nini kionekane, fenesi ni njano mwanangu, ukiligusa na moto linakuandikia.

Kukereza vifundo hakukumchukua muda, hiyo ndo kazi yake ya kila siku, ana bikari yake anapima bovu anapima jipya anasogea. Kilichonishangaza mimi ni zile pete. Kila mahali palipotakiwa pete alichonga kwanza mfereji mwembamba kwa ncha ya patasi, afu akachukua waya mwembamba wa chuma uliofungwa vijiti viwili, kimoja kila ncha, akaulaza kwenye ule mfereji mbao ikiwa inazunguka kwa kasi akawa anauvuta kwa chini. Sekunde chache tu moshi unatoka, harufu ya mti unaoungua, akitoa waya pete ipo, nyeusi tii na imenyooka mzunguko mzima. Hakuna moto wowote, ni msuguano tu. Vile vijiti alivisisitiza sana, ukizungusha waya kwenye vidole na mbao ikaudaka basi kidole kinaondoka nao. Siku za kawaida alikuwa akilamba kidole anagusa pete kuipoza, mwezi ule kafunga hawezi kulamba kitu, akawa anapuliza tu huku anatukana moshi kwa lugha ya adabu.

Juu karibu na mfumbati tendegu la zamani lilikuwa na duru ya vijinukta na vijani vidogo, hivyo alivichoma kwa mkono, msumari wa inchi 6 kwenye makaa, kazi yangu ikiwa kupuliza jiko. Msumari ukiwa mwekundu sana unafanya shimo baya lenye kingo za moshi, yeye aliusubiri wekundu upotee kwanza ndo anagusa, mara moja, anatoa.

Rangi sasa. Kwenye matendegu yale rangi ni lakiri, ile ile jamii ya kufungia barua, na asili yake ni utomvu wa vidudu vidogo vinavyokaa kwenye matawi ya miti huko India. Mjomba alijaribu lakiri ya kununua dukani ikameguka meguka haishiki. Jirani mmoja mzee akaja na wazo lake, akasema santuri za zamani za kina Siti binti Saad, wale waimbaji wa taarabu waliokwenda kurekodi Bombay 1928, zimetengenezwa na utomvu huohuo, tuvunje santuri tupate nyeusi ya bure. Ni kweli zile santuri nzito ni za utomvu huo, ila mjomba akakataa, ndani yake mna unga wa mawe, utakwaruza mti wangu. (Mimi nikiifikiria leo naona afadhali alikataa kwa sababu yoyote ile, mtu anavunjaje Siti binti Saad apake kitanda.)

Mwisho alipata shelaki ya vipande, ndo utomvu wenyewe wa wale vidudu, kwenye duka moja la Mhindi, akaiyeyusha taratibu sana juu ya makaa karibu kuzimika, maana ukizidisha moto inageuka kama mpira na hairudi tena. Nyekundu akatia ile rangi ya unga ya kupaka sakafu, nyeusi masizi, njano unga wa sakafu tena, mkewe alimpa manjano ya jikoni akasema hiyo jua litaila. Akaikanda ikiwa moto, akaivuta ikawa vijiti.

Afu akatoa mkanda wa mota. Tukadhani keezo limeharibika, kumbe mota ile ilikuwa na mwendo mmoja tu wa kasi, kwa waya unafaa lakini lakiri itaungua igeuke kahawia. Akazungusha kamba kwenye mbao mara mbili, mimi nikashika ncha huku na binamu yangu huku, tuvute kwa zamu, nenda rudi nenda rudi, na saumu zetu. Yeye anabana kijiti cha lakiri kwenye mbao, joto la msuguano linaiyeyusha inajipaka yenyewe. Njano alianza nayo, nyeusi mwisho, na kabla ya hapo kila pete aliisugua kwa kumbi kavu la nazi masizi yatoke yasichafue njano. Hapo ndo niliona kazi ya pete. Lakiri ikifika kwenye ule mfereji ulioungua inasimama, haivuki, upande huu njano upande ule nyekundu na hakuna hata moja iliyoingia kwa mwenzake. Nilikuwa nadhani ni urembo tu. Mwisho kabisa akabana jani kavu la mkadi mbao ikiwa inazunguka, likang'aa pale pale bila vanishi. Hizi vazi za kuwekea maua za kukereza wanazouza siku hizi zimechomwa maua afu zinamwagiwa vanishi mpaka zinanata, kwakweli mi siziwezi.

Tulilipeleka kwa bibi siku mbili tatu kabla ya Idi, likafungwa, kamba zikawambwa upya. Bibi alikaa kwenye kigoda akalishika juu mpaka chini, akalikwaruza na ukucha, akanusa. Kimya. Mjomba kasimama mlangoni kama mtu anayesubiri posa.

"Rangi sawa," akasema. "Pete zako zimenyooka mno. Yule alikuwa na mkono, wewe una mota."

Mjomba akacheka akaanza kukusanya vifaa vyake. Bibi akanigeukia, "mume wangu, hebu bonyeza na hili la kushoto." Nikabonyeza, kidole kikazama kidogo.

"Hilo baada ya Idi mama," mjomba akasema haraka haraka.

"Idi ipi?"